Tiketi ya shoo: Bei ya langoni hutoka wapi?

Umeona posta ya shoo: tiketi ya mapema Sh2,000, langoni Sh3,500, VIP Sh7,000. Jukwaa ni lile lile, msanii ni yule yule. Kabla hujamwita promota mwizi, hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme shoo ya hapa Nairobi inagharimu Sh3 milioni. Hapo kuna msanii, ukumbi, spika, taa, jenereta, mabaunsa, vyoo vya kukodi, leseni na matangazo. Ukumbi unabeba watu 2,000. Gawanya, unapata Sh1,500 kwa kichwa. Rahisi, sivyo?

Shida ni wewe. Promota hana uhakika utatokea. Mvua ikinyesha Jumamosi jioni, mbogi nzima inabaki kwa nyumba. Kwa hivyo yeye hugawanya kwa watu ambao ana hakika watakuja, tuseme 1,200. Bei inaruka hadi Sh2,500. Ongeza VAT ya asilimia 16, ni Sh2,900. Hapo hajaona faida, na wanaouza tiketi mtandaoni hawajakata yao.

Msanii akitoka majuu mambo huwa magumu zaidi. Analipwa kwa dola, na KRA hukata asilimia 20 ya malipo yake. Akidai pesa zake zifike nzima, promota ndiye anabeba huo mzigo, kisha anakutwika wewe.

Sasa, mbona wa mapema analipa kidogo? Kwa sababu mwenye ukumbi na mwenye spika wanataka malipo ya kwanza wiki kadhaa kabla ya shoo. Ukinunua mapema, unamkopesha promota. Hilo punguzo ndilo riba yako. Naye wa VIP halipii kiti tu. Ile ziada yake husaidia tiketi ya kawaida isipande sana.

Lakini mkopo una hatari. Shoo ikiahirishwa, chapaa yako ishatumika. Kwa hivyo kabla hujatuma M-Pesa, angalia kama msanii mwenyewe ametangaza shoo kwenye kurasa zake. Uliza promota amewahi kuandaa shoo gani. Soma masharti ya kurudishiwa pesa, na usifute ule ujumbe wa malipo.

Ukipata majibu, nunua mapema. Usipopata, heri ungoje ulipe ile Sh3,500 langoni, ukisikia spika zikinguruma ndani.