Ulinzi Shirikishi Unapofika Mnadani

Polisi jamii, yaani utaratibu wa raia na polisi kushirikiana kuzuia uhalifu kabla haujatendeka, ulipewa msukumo rasmi Tanzania mwaka 2006 chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, ingawa haukuwa mgeni katika nchi iliyokwisha kuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960 na sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, sura yake iliyozoeleka ni ulinzi shirikishi, ambapo vijana wa mtaa hufanya doria usiku wakiwa na virungu, tochi na filimbi, kwa michango ya wakazi. Mchango ukilegea, doria nayo hulegea. Hatari kubwa zaidi ni mlinzi kujigeuza hakimu, kwani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humruhusu raia kumkamata anayetenda makosa fulani mbele yake, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, wala haimpi ruhusa ya kumpiga.

Manufaa ya ushirikiano huo, hata hivyo, huonekana vizuri zaidi baharini kuliko mitaani. Uvuvi wa baruti, ingawa umepigwa marufuku tangu mwaka 1970, ulidumu kwa miongo kadhaa kwa sababu mlipuko humalizika mara moja na boti ya doria haiwezi kuwa kwenye kila mwamba; samaki, lakini, lazima wafike sokoni. Aliyeuawa kwa baruti huwa na mwili uliolegea, uti wa mgongo uliovunjika na damu iliyovilia tumboni, alama ambazo mchuuzi na mpara samaki huzigundua kabla ya afisa yeyote. Ujuzi wa namna hiyo ndio unaozipa nguvu BMU, vikundi vya wanajamii vinavyosimamia rasilimali za uvuvi kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Ugumu ni kwamba mtoa taarifa na mtuhumiwa huwa majirani, pengine ndugu, na kuonekana tu akiingia kituoni kwatosha kumharibia mtu biashara. Kwa hiyo polisi kata, mkaguzi aliyepangiwa kata moja, hufaa pale tu anapoaminika kutunza siri. Tena taarifa pekee haitoshi: samaki ni kielelezo kinachooza, na afisa uvuvi asipomkagua na kuandika ripoti siku ileile, polisi hupeleka mahakamani jalada lisilo na ushahidi.