Moshi wa kiwanda upimwe, tuelezwe





Mtaani kwetu kipo kiwanda kinachoyeyusha betri chakavu za magari. Ifikapo saa nne usiku tanuru huwashwa, na moshi mzito hushuka juu ya nyumba zetu. Asubuhi sufuria zilizoachwa nje huwa zimejaa vumbi jeusi, na nguo zilizoanikwa hufuliwa upya. Mwanangu wa miaka mitatu hukohoa mpaka alfajiri. Tumekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara tatu. Mara moja maofisa walikuja kukagua, lakini walikuja mchana, tanuru likiwa limezimwa. Mpaka leo hatujaambiwa walichokiona.

Ninachokiogopa zaidi si moshi huo tunaouona. Ndani ya betri mna madini ya risasi. Sumu yake huingia mwilini kwa pumzi na kwa vumbi linaloshika mikono ya watoto, na huweza kudhuru ubongo wa mtoto pasipo dalili za haraka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, yamekwisha kuwafika. Kiwanda cha namna hiyo kilifungwa huko mwaka 2014, watoto na wazazi wakiwa wameathirika tayari. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufani, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tena mzigo huo hakutwishwa mwenye kiwanda peke yake. Idara za serikali zilizozembea kukisimamia nazo zilibebeshwa sehemu yake. Lakini fedha hairudishi afya ya mtoto.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kiwanda. Vijana wetu wanapata riziki humo, na wao ndio wanaovuta moshi huo kabla yetu. Betri chakavu zikitupwa ovyo nazo ni hatari vile vile. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo haikusema isipokuwa jirani wa kiwanda.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, waje usiku bila kutoa taarifa, wapime moshi tanuru likiwaka. Pili, watoto na wafanyakazi wapimwe damu. Tatu, majibu yasomwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa, yawe mazuri au mabaya. Kama kiwanda hakina kosa, sisi tutakuwa wa kwanza kunyamaza. Kama kina kosa, tanuru lizimwe mpaka kasoro zirekebishwe.

Mzazi,
Dar es Salaam.