Zaidi ya mita 40, njia ya kurudi juu hufungwa

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kutumbukia katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likiwa na mama na bintiye. Lilitolewa Oktoba 11. Kwa karibu wiki mbili hizo, ndani ya matatu na vibarazani, swali lilikuwa lile lile: mbona wazamiaji hawashuki tu wakalifunga kamba? Serikali ilipoeleza kwamba gari limeonekana kwenye kina cha mita 58, wengi hawakuliona hilo kuwa jibu. Nchi kavu, mita 58 mtu huzitembea kwa chini ya dakika moja.

Baharini, kina hicho kimeshapita mpaka. Mashirika yanayofundisha uzamiaji wa burudani humruhusu anayeanza kufika mita 18, anayefuata mita 30, na mita 40 ndio mwisho kabisa. Ng'ambo ya hapo kuna uzamiaji wa kiufundi, jina lililoenezwa na Mmarekani Michael Menduno mwaka 1991 kupitia jarida lake la aquaCORPS. Ukimwona mzamiaji wa aina hii utavutwa na mitungi minne au mitano aliyojifunga, lakini tofauti kubwa haimo katika vifaa. Mzamiaji wa burudani akikwama anaweza kupanda moja kwa moja hadi juu. Wa kiufundi hana ruhusa hiyo. Kati yake na hewa safi kuna dari asiyoiona, na akiipasua kwa haraka, damu yake mwenyewe itamdhuru. Tatizo lolote litakalompata sharti alitatue huko huko chini.

Pumzi moja, mzigo wa karibu saba

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa angahewa yote iliyo juu yetu. Mita 40 ni mara tano, mita 58 ni mara 6.8. Ili kifua kiweze kupanuka, regulata humpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Kwa hiyo pumzi moja ya mita 58 hubeba hewa mara 6.8 ya pumzi ya juu.

Hesabu yake ni kali. Mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu atatumia lita 136 kwa dakika huko chini. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 200 una lita 2,400. Utakwisha kwa dakika 17 hivi, kabla hata ya kuhesabu muda wa kupanda. Akishikwa na hofu, pumzi huongezeka maradufu na dakika hizo hupungua kwa nusu.

Hewa yenyewe nayo hubadilika tabia. Nitrojeni, ambayo ni karibu sehemu nne kati ya tano za hewa, huanza kulevya kuanzia mita 30 hivi. Mmoja hucheka bila sababu, mwingine hujawa na woga, na wote wawili hukitazama kipimo cha hewa wasielewe wanachokisoma. Mzamiaji akipanda mita kadhaa ulevi humtoka. Hatari ni maamuzi aliyoyafanya akiwa amelewa.

Oksijeni nayo, tunayoihesabu kuwa uhai, hugeuka sumu. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hilo mwaka 1878: mgandamizo wa oksijeni ukizidi, ubongo huingia katika degedege. Leo mzamiaji anayefanya kazi huambiwa asivuke 1.4, yaani oksijeni yenye mgandamizo wa mara 1.4 ya angahewa, na 1.6 akiwa ametulia akisubiri kupanda. Kwa hewa ya kawaida, mita 58 tayari ni 1.43. Degedege yenyewe huenda isingeua kitandani. Chini ya maji humfanya mtu aachie regulata mdomoni, akazama.

Jambo la nne lilichelewa kupewa uzito, nalo ni unene wa gesi. Kadiri kina kinavyoongezeka, hewa huwa nzito na kazi ya kuipitisha kwenye mapafu huwa ngumu. Watafiti Gavin Anthony na Simon Mitchell walipendekeza mwaka 2016 kwamba gesi isizidi gramu 5.2 kwa lita, na ikibidi sana isipite 6.2. Hewa ya kawaida hufika viwango hivyo kwenye mita 31 na mita 39. Zaidi ya hapo mapafu hushindwa kuitoa kabonidayoksaidi kwa kasi inayotakiwa. Gesi hiyo ikirundikana huleta kiu ya pumzi, kihoro, kisha kupoteza fahamu.

Ushahidi mchungu ulipatikana Afrika Kusini. Januari 8, 2005, rubani Mwaustralia David Shaw alishuka hadi mita 270 hivi katika pango la maji la Boesmansgat kuutoa mwili wa kijana aliyekuwa amefia humo mwaka 1994. Alikuwa mzamiaji hodari, mwenye mpango ulioandikwa. Mwili haukuwa umetulia kama alivyotarajia. Kamba zikaingiliana, akahangaika. Kamera iliyokuwa kichwani mwake ilinasa pumzi zake zikienda mbio zaidi na zaidi hadi zikakoma. Uchambuzi wa kitabibu uliofuata ulieleza kwamba gesi ilikuwa nzito mno kwa kazi aliyoifanya, na kabonidayoksaidi ikamshinda. Oksijeni ilikuwepo. Mapafu ndiyo yaliyoelemewa.

Deni la nitrojeni

Sasa turudi kwenye ile dari. Chini ya mgandamizo, nitrojeni huyeyuka katika damu na kusambaa mwilini. Mzamiaji akipanda polepole, nitrojeni hiyo hurudi mapafuni na kutoka. Akipanda kwa pupa, nitrojeni hugeuka viputo ndani ya damu na nyama za mwili. Viputo kwenye viungo huleta maumivu makali. Kwenye uti wa mgongo huweza kupooza miguu. Kwenye sikio la ndani huleta kizunguzungu na kutapika. Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn jijini New York, alipata ugonjwa huu katika miaka ya 1870 bila kuwa mzamiaji: alikuwa akiingia kwenye vyumba vya hewa ya mgandamizo ambamo misingi ya daraja ilichimbwa.

Njia ya kuukwepa ilipatikana kwa mbuzi. Kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, mwanafiziolojia John Scott Haldane aliwaweka mbuzi katika chumba cha mgandamizo, akaupunguza kwa namna mbalimbali na kuangalia nani anachechemea. Mwaka 1908 yeye na wenzake walichapisha jedwali la kupanda kwa vituo. Walikuwa wametambua kwamba sehemu za mwili hazijai wala hazipungui kwa kasi moja. Loweka kanga na godoro: kanga hulowa mara moja na kukauka mara moja, godoro huchelewa kulowa na huchelewa zaidi kukauka. Damu na ubongo ni kanga. Mafuta na viungo ni godoro. Hesabu za Albert Bühlmann wa Zürich, ambazo leo zimo katika kompyuta nyingi za mkononi za wazamiaji, huugawa mwili katika makundi 16 ya namna hiyo.

Kwa hiyo dakika 20 kwenye mita 58 hudai nusu saa, pengine saa nzima, ya kupanda kwa vituo vya kila mita tatu, kutegemea gesi zinazotumika. Kituo kirefu zaidi huwa mita 6 tu chini ya uso wa maji, ambapo mtu anaweza kuliona tumbo la mashua yake na bado asiweze kuifikia.

Gesi tatu, mitungi mingi

Kwa sababu hizo, hewa huachwa na mchanganyiko hutengenezwa. Heliamu haileweshi kwa vina hivi na ni nyepesi mno. Mchanganyiko unaopendwa kwa mita 60, uitwao trimiksi, una oksijeni asilimia 18, heliamu 45 na nitrojeni 37. Kwenye kina hicho oksijeni yake hubaki chini ya 1.3, na ulevi wake ni kama wa hewa kwenye mita 28 hivi. Ubaya wake ni bei: heliamu ni ghali, na mitungi miwili ya mgongoni humeza nyingi.

Wakati wa kupanda hutumika gesi nyingine. Kuanzia mita 21 mzamiaji hupumua mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 50, na kwenye mita 6 oksijeni tupu. Mapafu yasipokuwa na nitrojeni, iliyomo mwilini hutoka upesi zaidi. Ila mchanganyiko huo huo wa asilimia 50 ukivutwa kwa makosa kwenye mita 58, oksijeni hufika 3.4, zaidi ya maradufu ya kikomo.

Ndiyo maana kubadili gesi ni ibada. Kwenye mita 21 wenza wawili hutulia majini, wamelala kifudifudi, wakitazamana. Anayebadili huelekeza kidole kwenye namba kubwa iliyobandikwa mtungini, 21, kisha kwenye kompyuta yake inayosoma 21. Hufungua vali. Huufuata mpira kwa mkono kutoka mtungini hadi kwenye regulata, asije akashika wa mtungi mwingine. Mwenzake huikagua namba, huukagua mpira, hutoa ishara ya kukubali. Hapo tu ndipo hubadilisha. Hata kabla ya kuingia majini, kila mtu huwa ameipima gesi yake mwenyewe na kuandika juu ya utepe asilimia, kina na tarehe. Maneno ya fundi aliyejaza hayatoshi.

Namna ya kuanza

Anayetaka njia hii asikimbilie heliamu. Kwanza apate vyeti vya kawaida, uokoaji na matumizi ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Baadhi ya mashirika humpokea mwanafunzi wa kiufundi akiwa na mbizi 25 au 30 kwenye daftari lake. Walimu waangalifu hutaka nyingi zaidi ya hizo.

Kozi ya utangulizi kwa kawaida hufanyika kwenye maji mafupi, na huwaangusha wengi waliojiona mabingwa. Mwanafunzi hutakiwa kukaa kwenye kina kimoja bila kupiga mapezi, bila kupanda wala kushuka, huku akifunga na kufungua vali zilizo nyuma ya kisogo chake, akimpa mwenzake aliyeishiwa hewa regulata yenye mpira wa mita mbili, au akiwa amevua miwani. Asiyeweza kutulia kwenye mita 6 akiwa na kazi mikononi hawezi kukaa kituoni, na kituo ndicho kinachomlinda na viputo. Baada ya hapo hufuata kozi za kupanda kwa vituo hadi mita 45, kisha trimiksi hadi mita 60, na hatimaye mita 100 kwa wachache.

Sambamba na ujuzi huo huja hesabu. Chukua wenza wawili kwenye mita 58, mmoja gesi imemwishia, wote wamehamaki na kila mmoja anatumia lita 30 kwa dakika. Dakika moja ya kuelewana na nne za kupanda hadi mita 21 zitakula karibu lita 1,600, bila kuhesabu vituo vya njiani. Kwenye mitungi pacha ya lita 12 hiyo ni karibu bar 67 ambazo haziguswi kwa lolote jingine. Kipimo kikikaribia hapo mbizi imekwisha, hata kama kilichotafutwa kiko mita mbili mbele.

Kabla ya kulipia kozi

Anza kwa daktari anayejua uzamiaji. Pumu isiyodhibitiwa, kifafa, maradhi ya moyo au mapafu yaliyowahi kupasuka ni mambo ya kueleza wazi. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, ambacho hakijawahi kumjulisha lolote maishani. Kwa mzamiaji kinaweza kuvipitisha viputo bila kuchujwa na mapafu. Aliyewahi kupata dalili za ubongo, sikio la ndani au ngozi baada ya mbizi aulizie kipimo cha kitundu hicho.

Dalili zikitokea, maumivu ya kiungo, ganzi, udhaifu au kizunguzungu, mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni tupu na apelekwe kwenye chumba cha mgandamizo. Kumrudisha majini ili “apoe” ni kumhatarisha upya. Hili linamhusu pia mvuvi anayezamia kwa mtungi au kompresa kutafuta majongoo bahari, ambaye kozi hizi hajawahi kuzisikia lakini damu yake hufuata kanuni zile zile. Na baada ya mbizi za vituo, ndege ya kutoka Unguja au Mombasa isubiri angalau saa 24.

Mwalimu naye ahojiwe. Aulizwe yeye huzamia kina gani nje ya kozi, amewahi kumfelisha nani, na mbizi hukatishwa vipi. Kanuni inayoheshimiwa katika fani hii ni kwamba yeyote anaweza kuikatisha mbizi, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na hakuna atakayemdai maelezo. La mwisho ni chumba cha mgandamizo: kilicho karibu kiko wapi, kinafanya kazi leo, na ni saa ngapi kufika huko kwa boti na gari. Mwalimu asiye na majibu hayo hajapanga mbizi, na ada yako ibaki mfukoni.