Sakafu ya hema inayotunza moto

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba unaijua, zaidi kama mnalala chini ya hema huko machimboni. Wengi wanaingiza mbabula ndani, halafu wanafunga mlango. Musifanye vile! Makala hayatoi moshi mwingi, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala, haamuki tena.

Huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980, Larry Winiarski alitengeneza jiko la kuni ambamo moto unavutwa kwa upande, kisha unapanda katika bomba fupi lisilopoteza joto. Ndani mule moto ni mukali hata moshi wenyewe unaungua. Ianto Evans akaongeza tiyo ndefu iliyofunikwa na udongo na mawe: hewa ya moto inapita mule polepole na kuacha joto lake. Moto umezimika zamani, udongo ungali na joto.

Kwa hema, jiko likae inje. Tiyo ipite chini ya sakafu, itokee upande wa pili, mbali na kitambaa. Chini yake mutie changarawe kavu, maana udongo wenye maji unameza joto lote. Juu yake udongo wa kichuguu uliokanyagwa. Muwashe kwanza mchana na kutazama: moshi ukitoka hata kidogo sakafuni, musilale humo mpaka ufa umezibwa. Siku za kwanza musitazamie joto, udongo mubichi unakauka kwanza. Na wewe unayehama kila mwezi, acha kazi hii, tafuta blanketi la pili.