Kakuma na Kalobeyei: Stima Ipo, Mteja Je?

Ukiingia soko la Kakuma, tazama juu kabla hujatazama bidhaa. Nyaya zinavuka uchochoro hadi uchochoro, zimefungwa kwenye miti iliyopinda, na ukizifuata utafika kwenye jenereta ya mfanyabiashara mmoja. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa stima ya kambi. Mtu ananunua jenereta, anawavutia majirani waya, kila mwezi anawatoza kwa hesabu ya taa na friji walizo nazo. Dizeli ikikosekana, giza. Hakuna mfadhili aliyemwagiza. Aliona haja akaingiza pesa yake, na biashara ikasimama.

Kambi hiyo ya kaunti ya Turkana ilifunguliwa mwaka 1992, vita vya Sudan vilipokuwa vikali. Leo, pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei, ina watu wapatao 300,000, wengi wao kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Mwaka 2018 shirika la IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, lilitoa utafiti uliokuta biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini Kakuma, 14 kati ya hizo zikiuza kwa jumla. Matumizi ya kaya yalikadiriwa kuwa shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka. Wenye mitaji waliokuwa wakiiona Kakuma kama mahali pa kugawa unga tu wakaanza kuuliza bei.

Kalobeyei yenyewe ilianza kupokea watu mwaka 2016 kwa wazo jipya: shule, zahanati, maji na soko viwe vya mkimbizi na mwenyeji kwa pamoja. Haki kabisa. Waturkana walitoa ardhi ya malisho, na miaka nenda miaka rudi wamekuwa wakitazama malori ya msaada yakiwapita barabarani. Kwa wengi wao, faida waliyoijua ya kambi ilikuwa kuuza kuni na makaa.

Kwangu mimi, jambo la maana kuliko yote lililofanyika pale ni la nyumba. Badala ya kumpa mkandarasi tenda ya mamia ya vibanda, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilianza kuziwekea kaya pesa benki zijijengee zenyewe. Hapo mambo yakabadilika. Mama mwenye nyumba anasimama kando ya fundi, anahesabu matofali yanayoshushwa, anagonga moja kwa kidole asikie kama limekauka, lililopasuka analirudisha. Mchanga unatoka kwenye lagga, yaani mto wa msimu, mabati yanatoka dukani, na katikati yupo msafirishaji, msomba maji, seremala wa milango. Pesa ileile ya nyumba moja inapita mikono ya wakimbizi na wenyeji kabla haijatoka Turkana. Tenda ya mkandarasi wa mbali haiwezi kufanya hivyo, na nashangaa kwamba bado kuna miradi inayoendeshwa kwa njia ile ya zamani.

Stima nayo imesogea. Kampuni ya Renewvia ilijenga gridi ndogo ya sola Kalobeyei, mteja analipa kwanza ndipo atumie. Ila hesabu ya gridi ndogo ni ngumu. Paneli, betri na nguzo zote zinagharimiwa siku ya kwanza, halafu pesa inarudi tone kwa tone. Taa mbili na chaji ya simu hazilipi mtaji huo. Anayeulipa ni mwenye kinu cha kusaga, mchomeleaji, muuza soda baridi, yaani mtu anayekula umeme mchana jua likiwa juu.

Na muuza soda anamtegemea mnunuzi. Tangu 2015 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilikuwa ikituma kwa simu sehemu ya mgao, ule mpango wa Bamba Chakula, na familia zikinunua kwenye maduka yaliyosajiliwa, ya wakimbizi na ya Waturkana. Mwaka 2025 wafadhili walipokata fedha, mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili na malipo ya pesa yakasimamishwa. Duka likipoteza wateja wa namna hiyo, kinachojaa ni daftari la madeni, na friji ni ya kwanza kuzimwa. Anayechora mradi wa maji au umeme wa kambi bila kuuliza familia zitapata wapi kipato anajenga nusu.

Serikali ya Kenya inasema imelielewa hilo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango wa kufanya kazi, na mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi zigeuke miji, zihudumiwe kama miji mingine. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini kiwanja alichojengea yule mama nyumba ya matofali si mali yake, hawezi kukiweka rehani benki. Na mwenye duka anayetaka kwenda Kitale kujichagulia mahindi anaomba kwanza kibali cha kutoka kambini. Asipokipata, anaagiza kwa simu, anamlipa dalali, na anapokea gunia lolote litakaloshushwa.