Mitishamba: madini huingiaje kwenye mzigo wako?

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua majani makavu ya umuravumba Nyarusange, Gitega, ili ayavushe Kobero. Ataangalia rangi, harufu na ukavu. Hakuna hata kimoja kitakachomwonyesha risasi au kadimiamu, madini mazito yanayoweza kuangusha shehena maabara. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 tu za kadimiamu kwa kila kilo ya mmea wa dawa.

Udongo wa nyanda za juu za Burundi una asidi katika maeneo mengi, na asidi huifanya kadimiamu ifyonzwe kirahisi. Mmea hauna mlango wa kadimiamu. Hupenya kwenye milango ya chuma na zinki, kama magendo yaliyofunikwa kwa bidhaa halali.

Mmea nao hujikinga kwa kutuma kemikali za ishara ndani yake. Asidi ya absisiki hufunga vitundu vya majani, maji yakapanda kidogo, na katika majaribio imepunguza ile milango ya chuma. Jasmonati, iliyotambuliwa mwaka 1962 katika mafuta ya yasmini, na asidi ya salisiliki, jamaa wa aspirini, huusaidia mmea kustahimili sumu. Sehemu kubwa ya madini inaweza kubanwa mizizini yasifike majanini.

Watafiti wamenyunyizia kemikali hizo kwenye Artemisia annua, zao lililowahi kulimwa kibiashara Arusha, Kabale na Kenya. Kwa kipimo kinachofaa, artemisinini iliongezeka, nayo ndiyo mnunuzi wa kiwandani anayoilipia. Kipimo kikizidi, mmea hudhurika. Majaribio mengi ya aina hii ni ya vyungu, si ya mashamba, hivyo kwa maoni yangu si busara kulipa bei ya juu eti kwa sababu mzigo "umenyunyiziwa".

Wauza mizizi wawe macho zaidi. Kinachosafisha jani huweza kuuacha mzizi na madini mengi. Cheti cha majani hakiwezi kuusemea mzizi wa mulondo, unaoitwa mukombero Kenya, hata kama vimetoka shamba moja. Dai cheti kinachotaja sehemu ya mmea iliyopimwa.

Baada ya mavuno, ishara hizo hazisaidii tena. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi hukaa udongoni miaka mingi. Kuanika dawa kando ya lami ni kuipaka vumbi hilo. Kuosha huondoa vumbi, si kilichomo ndani ya jani. Na dereva anayepitia Karusi na Muyinga asichanganye magunia hayo na betri chakavu.

Sampuli ichukuliwe kabla ya kupakia. Mzigo ukishafika Kabanga, kila siku ya kusubiri majibu ni gharama ya lori.