Gari Likigoma Kuwaka, Betri Isionewe

Leo nataka tuzungumzie kitu kidogo kinachokaa kando ya usukani, ambacho mwenye gari hukigusa kila siku bila kukifikiria. Ni swichi ya kuwashia gari, pale tunapochomeka ufunguo.

Wanaosafiri kwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia wanajua kwamba ukishaipita Doma unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara inakatisha ndani yake kwa kiasi cha kilomita 50. Humo hakuna gereji wala vijana wa kukusukuma. Gari likizimika saa mbili usiku, wanaokutazama ukihangaika ni nyati na tembo, na simba nao wamo. Kushuka na kufungua boneti ni kujitafutia balaa, na kubaki umesimama huku malori yakipita kwa kasi nako si salama. Ndiyo maana jambo hili si la mafundi peke yao.

Hivi karibuni nilikuwa Mikumi mjini, nikielekea Kilosa kikazi. Pale njia panda nilimkuta baba mmoja na familia yake, gari lao dogo la otomatiki limegoma. Alikuwa amekwisha kununua betri mpya, maana kila mpita njia alimwambia ni betri. Akiwasha, kimya. Ndipo akaitwa fundi umeme, mtu wa makamo, mkononi ana taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe: balbu ya indiketa, waya mbili na msumari uliochongwa.

“Kaka,” akamwambia, “vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, halafu piga selfu.”

Ndugu msikilizaji, kipimo hicho hakina gharama yoyote, na kila dereva anakiweza. Ukipiga selfu na taa kubwa zikafifia sana au zikazimika, umeme haufiki wa kutosha: betri imechoka, vichwa vyake vimelegea au vimeota ukungu mweupe, au waya wa kwenda kwenye bodi umeshika kutu. Ukisikia mlio mmoja mzito wa “tak” na starta haizunguki, tazama hayo hayo kwanza, kisha starta yenyewe. Lakini taa zikibaki zinang’aa kama hakuna kilichotokea, na hakuna mlio, basi betri haina kosa. Amri ya kuwasha haifiki kwenye starta.

Taa za yule baba zilibaki ziking’aa. Betri mpya ya watu ilikuwa imenunuliwa bure.

Fundi akamwomba ahamishe gia kutoka P kwenda N, ajaribu tena. Gari la otomatiki lina swichi nyingine kwenye gia, inayozuia lisiwake likiwa kwenye gia ya kutembea, na swichi hiyo ikichakaa husumbua kwenye P lakini ikakubali kwenye N. Safari hii haikusaidia. Akaingia chini, akagusisha taa yake kwenye waya mwembamba wa starta huku ufunguo ukizungushwa. Taa haikuwaka. Akarudi juu, akafungua kifuniko cha plastiki chini ya usukani, akapima nyuma ya swichi. Waya unaoleta umeme kutoka kwenye betri uliwaka. Waya unaotoka kwenda kwenye starta, ufunguo ukiwa umezungushwa hadi mwisho, haukuwaka. Umeme unaingia, hautoki. Mwizi akawa amekamatwa hapo. Kama waya huo nao ungewaka, ingebidi kutafuta kati ya swichi na starta: fyuzi, relei, au ile swichi ya kwenye gia.

Hapa inafaa nieleze kilichomo ndani. Tunachokiita swichi ni vitu viwili. Kuna kitasa, yaani sehemu ya chuma inayotambua ufunguo na kufunga usukani, na nyuma yake kuna kidude cha plastiki chenye vipande vya shaba vinavyogusana ufunguo unapozunguka. Kituo cha kwanza kimezima kila kitu. Cha pili kinaruhusu redio. Cha tatu kinapeleka umeme kwenye injini, na ndicho ufunguo hubaki wakati unaendesha. Cha nne ni cha kupiga selfu, nacho hurudi chenyewe ukiachia. Kila kituo kina shaba yake, kwa hiyo kimoja kinaweza kuungua huku vingine ni vizima. Joto, vumbi na mtikisiko ndivyo maadui, na njia ya Mikumi kwenda Kilosa imekuwa na vyote vitatu kwa miaka mingi.

Kutokana na hilo, gari lenyewe hukusimulia ugonjwa wake. Likiwaka wakati unapiga selfu, kisha likazimika mara tu unapoachia ufunguo, shaka kituo cha tatu. Taa za dashibodi zikiwaka na kuzimika unapoutikisa ufunguo taratibu, shaka swichi hiyo hiyo. Kwa gari la dizeli, starta inaweza kuzunguka vizuri na injini isishike. Kwenye magari mengi ya dizeli ya zamani kuna vali ya umeme kwenye pampu inayofungulia mafuta, na ukiweka ufunguo kituo cha tatu, injini ikiwa kimya, unapaswa kuisikia ikilia “tik”. Isipolia, pima kama umeme unaifikia kabla hujaruhusu mtu afungue pampu yako.

Na kusukuma je? Gari la klachi ambalo kituo cha nne kimekufa litawaka kwa kusukumwa. Kituo cha tatu kikiwa kimekufa, mtasukuma hadi jasho liishe. La otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Sasa nije kwenye tabia isiyonipendeza. Wapo wanaochoka na swichi mbovu, wakakata waya na kufunga kitufe cha kengele kwenye dashibodi. Nimeyapanda magari ya abiria ya namna hiyo. Waya hizo mara nyingi hazina fyuzi, na waya wa betri usio na fyuzi ukigusa bodi huwaka moto. Kubaya zaidi, mtu akiwasha kwa waya huku kitasa kimebaki kwenye kufunga, usukani unaweza kujifunga wenyewe akiwa kwenye kona.

Asiyeamini kwamba swichi huua na aangalie yaliyotokea Marekani. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ililazimika kuita magari kiasi cha milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa nyepesi mno. Ufunguo ulirudi nyuma wenyewe kwa uzito wa mkufu wa funguo au kwa mtikisiko. Injini ilizimika gari likiwa katika mwendo, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa haikufunguka kwenye ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 kumaliza mashitaka ya jinai. Kwa hiyo zile funguo za nyumba, ofisi, stoo na makufuli yote ulizozifunga pamoja na ya gari, zitoe.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kujitengenezea: magari yenye mifuko ya hewa yana waya zilizovishwa rangi ya njano karibu na usukani. Usiziguse kwa taa ya kupimia. Gari lenye kompyuta lipimwe kwa mita, si kwa balbu.

Na kama gari limekusumbua Doma kisha likakubali, usilizime hadi uvuke hifadhi. Ukifika kwa fundi, mwulize kama tatizo ni kitasa au ni kile kidude cha nyuma. Katika magari mengi ya Kijapani kidude hicho hushikiliwa na skrubu mbili tu na huuzwa peke yake. Ndicho alichofungiwa yule baba pale njia panda, na funguo zake zikabaki zile zile.